Risasi Ikikalia Kiti cha Zinki

(Hotuba ya mwanachama wetu siku ya mkutano wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mnaokalia sasa madawati yetu,

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya maabara. Chakula kinangoja, kwa hiyo nitasema jambo moja tu.

Wa rika langu mnakumbuka tulivyokuwa tukiyeyusha risasi ya betri kuukuu nyuma ya bweni, tukitengeneza chubwi za kuvulia samaki. Likizo moja niliupeleka ufundi huo nyumbani, na mdogo wangu akawa mpuliza moto. Baada ya miezi kadhaa viganja vyake vikapauka, tumbo likawa linamsokota, na darasani hashiki kitu. Tukampa dawa ya minyoo, tukampa na vidonge vya chuma. Hakupata nafuu. Sababu niliijua baadaye sana, chuoni.

Wekundu wa damu hutokana na hemu, nayo hujengwa kwa hatua nane. Hatua ya pili hufanywa na kimeng'enya kinachounganisha molekuli mbili ndogo kuwa moja. Kazi yake hutegemea zinki, ambayo hushikwa na atomi tatu za salfa. Risasi ikiingia mwilini huja kukaa mahali pale pale, na salfa huishika kwa nguvu kuliko zinki. Lakini mgeni huyu amekalia kiti tu. Kazi ya mwenye kiti haiwezi. Kimeng'enya husimama, malighafi hurundikana katika damu na mkojo, na hemu hupungua. Chuma nacho huingizwa katika hatua ya mwisho, na hiyo pia risasi huizuia. Ndiyo maana vidonge vyetu havikufaa kitu.

Petroli yenye risasi imekwisha: Afrika kusini ya Sahara iliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Aljeria, nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Betri zingalipo. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Dawa za kuitoa zipo, lakini akili ya mtoto iliyokwisha kudhurika hazirudishi.

Mdogo wangu yu hai, ana mke na watoto. Lakini hisabati, ambayo alipokuwa darasa la tatu alinishinda mimi kaka yake, haikumrudia tena. Siwezi kuapa kuwa ni risasi, wala siwezi kuapa kuwa siyo.

Vijana, jana jioni nilipita nyuma ya bweni. Nikakuta mafiga matatu na kopo lililoungua. Sikuuliza ni la nani, maana la kwanza lilikuwa letu. Nawaomba tu, wadogo zangu, lisiwashwe tena.