Daftari ni Mali ya Wanachama



Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu, twaleta habari ya kuzingatiwa. Huko Marekani, mwaka 2011, kampuni ya Anheuser-Busch InBev ilikinunua kiwanda cha bia cha Goose Island, Chicago. Mwaka 2016 tawi lake likanunua hisa katika RateBeer, tovuti ambamo wanywaji waliandika maoni juu ya bia za watengenezaji wote. Wanywaji hao walipata habari mwaka 2017. Hivyo muuzaji mmoja akaingia ubia katika daftari la washindani wake.

Nasi tunayo madaftari ya mizani, mikopo na malipo. Mnunuzi akiyasoma, atazijua shida zetu kabla ya kutaja bei. Basi yasitoke ila kwa idhini ya Mkutano Mkuu.