Kilo Ndiyo Yenye Bei

Msikilizaji, hebu tufanye hesabu moja ya shule ya msingi. Mkulima wa viazi kule Njombe amefikiwa shambani na wanunuzi wawili. Wa kwanza anataka gunia la kilo 100 kwa shilingi 70,000. Wa pili anatoa 78,000, ila gunia lake ni lumbesa: limeshindiliwa hadi mdomoni, likaongezewa kipande cha gunia jingine juu, likashonwa kwa kamba. Ndani mna kilo 130. Amuuzie nani?

Wengi wetu tungekimbilia hizo 78,000. Lakini kanuni ni ileile ya darasani: tafuta kwanza bei ya kilo moja. Elfu 70 gawanya kwa 100, unapata shilingi 700. Elfu 78 gawanya kwa 130, unapata 600. Kumbe huyu aliyeonekana mkarimu anamnyonya mkulima shilingi 100 katika kila kilo, yaani 13,000 kwa gunia.

Uwiano wa 130 kwa 100 ni 13 kwa 10. Lumbesa 10 zikipanda lori, zimepanda gunia 13 halali. Pale ushuru unapotozwa kwa gunia, halmashauri imekosa wa gunia 3. Na kijana wa kupakia, anayelipwa kwa gunia, amebeba kilo 30 za bure mgongoni kila safari.

Sheria haina utata. Tanzania, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wasimamizi. Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50. Lumbesa bado ipo, kwa sababu shambani hakuna mizani, na mkulima mwenye viazi vinavyoharibika hana ubavu wa kubishana na mwenye lori.

Walimu, badala ya hesabu za machungwa ya Juma kila siku, wapeni watoto fumbo la lumbesa. Jioni watalifikisha nyumbani. Vyama vya ushirika, nunueni mizani, muiweke pale lori linapopakiwa. Nawe mkulima, mnunuzi akikutajia bei ya gunia, usijibu kwanza. Muulize: kilo unanunua shilingi ngapi?