Mtoto Aliyechelewa Kusema si Mkaidi



Amani ya nchi huanzia katika amani ya nyumba. Askari anayelinda mpaka, au anayesimama njia panda usiku wa manane, hufanya kazi yake kwa moyo mkunjufu ikiwa anajua kwamba nyumbani kwake mambo ni shwari. Miongoni mwa mambo yanayoweza kuivuruga amani hiyo bila kishindo ni hili la mtoto kutimiza miaka 2, au hata 3, naye bado hajatamka neno la kueleweka. Jambo hili huzikuta nyumba nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa kuwa limezoea kuzungumzwa kwa minong'ono, linastahili leo kuzungumzwa waziwazi.

Mtaa wa Jabe, jijini Bujumbura, jirani na Bwiza na Buyenzi, ni mahali pazuri pa kulitazama. Mtoto anayezaliwa huko husikia Kirundi kifuani mwa mama yake, Kiswahili uani na sokoni, na Kifaransa ndugu zake wanaposoma masomo yao ya jioni. Jamaa kadhaa hukaa katika ua mmoja, na hakuna mtoto anayekua kwa siri. Akichelewa kutembea, ua mzima huona. Akichelewa kusema, ua mzima husema.

Na yanayosemwa ni yale yale. Mmoja hutuliza kwamba mtoto atasema akipenda, maana hata baba yake alichelewa. Wa pili hulaumu wingi wa lugha. Wa tatu hushauri apelekwe kwa fundi akakatwe kilimi. Wa nne, ambaye mara nyingi ni baba mwenyewe aliyerejea kutoka kazini, hukata shauri kwamba huu ni ukaidi, na kwamba dawa ya ukaidi ni fimbo. Katikati ya mashauri hayo yote husimama mama, ambaye hulaumiwa na kila upande kana kwamba yeye ndiye aliyemfunga mtoto ulimi. Hapana budi kuyapima maneno hayo moja baada ya jingine.

Kwanza, kipimo chenyewe. Mtoto wa kawaida hutamka neno lake la kwanza lenye maana anapokaribia mwaka 1. Afikapo miaka 2 huwa na maneno yapatayo 50, naye huanza kuunganisha mawili, kama vile "mama njoo" au "maji baridi". Afikapo miaka 3, hata mgeni huelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Watoto hawalingani, na kuchelewa kidogo si ugonjwa. Lakini mtoto asiyegeuka anapoitwa jina lake, asiyeonyesha kitu kwa kidole afikapo miezi 18, au asiye na neno hata moja katika umri huo, anahitaji kuchunguzwa. Na yule aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza asingojwe hata wiki moja.

Sasa lile la fimbo. Askari yeyote anajua kwamba amri ikipelekwa kwenye kituo cha mbali na jibu lisirudi, mkubwa mwenye busara hatoi adhabu papo hapo. Huuliza kwanza iwapo simu ya upepo inafanya kazi. Vivyo hivyo kwa mtoto. Kabla ya kumwita mkaidi, yapasa kujua kama anasikia. Homa ya uti wa mgongo, surua, rubela aliyoipata mama akiwa mjamzito, manjano kali ya mtoto mchanga, usaha wa masikio usiotibiwa, na baadhi ya dawa kali za sindano, vyote vyaweza kumwondolea mtoto usikivu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba karibu asilimia 60 ya visa vya watoto kupoteza usikivu hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Kwa hiyo chanjo na tiba ya sikio linalotoa usaha ni sehemu ya kulinda usemi wa mtoto.

Wala mzazi asidanganyike na kipimo cha kupiga makofi nyuma ya kisogo. Mtoto mwenye usikivu mdogo huweza kugeuka mlango unapobamizwa, lakini asizipate sauti nyembamba za maneno. Askari wa zamani aliyekaa miaka mingi karibu na mizinga analifahamu jambo hili vizuri: husikia kwamba mtu anaongea, lakini hashiki anachosema. Naye hakuwa mkaidi. Mtoto wa namna hiyo akipigwa, anachojifunza ni kuogopa uso wa baba yake, na woga haujapata kumfundisha mtu lugha.

Kuhusu wingi wa lugha, wasiwasi huo hauna msingi. Watoto wa Jabe, kama wale wa Uvira, Kigoma na Mombasa, wamekuwa wakikua na lugha 2 au 3 kwa vizazi vingi, na ndimi zao ni nyepesi. Kukua na lugha mbili hakumtii mtoto ugonjwa wa usemi. Ila maneno yahesabiwe kwa pamoja: mwenye 30 ya Kirundi na 20 ya Kiswahili ana 50, wala hana upungufu. Ni kosa kumkataza bibi asimsemeshe mjukuu kwa lugha anayoimudu, kisha mtoto akabaki na Kifaransa cha kuokoteza. Mzazi amsemeshe mwanawe kwa lugha ile inayomtoka moyoni.

Ama kukata kilimi, hilo lipigwe marufuku katika kila nyumba. Kilimi hakizuii maneno, na kisu kisicho safi huleta kutoka damu na kuoza kwa kidonda, hata kifo.

Linabaki lile la kungoja. Ni kweli kwamba baadhi ya watoto waliochelewa hufikia wenzao bila msaada. Lakini hakuna awezaye kumtazama mtoto wa miaka 2 usoni na kujua kwa hakika kama ni wa kundi hilo, au kama ana tatizo la masikio, la akili kukomaa polepole, au usonji. Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo unapoipokea lugha kwa wepesi kuliko wakati mwingine wowote. Anayengoja mikono mitupu anatumia akiba isiyorudishwa.

Ndugu wasikilizaji, nyumba ya askari ina ugumu wake. Tangu Desemba 2007, kwa zaidi ya miaka 15, maelfu ya wanajeshi wa Burundi walitumikia Somalia, na wengi walirudi wakakuta watoto waliowaacha wachanga wanatembea. Polisi naye hupangiwa zamu mkoa wa mbali. Mama hutafuta riziki, mtoto hubaki na yaya, na yaya humpa simu yenye picha ili anyamaze. Hapo ndipo panapotakiwa uangalifu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya picha za simu au televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Picha husema bila kusikiliza, nayo haingoji jibu. Baba aliye mbali anayempigia mwanawe simu, akamwita kwa jina na kumngoja aitikie, hilo ni jambo jingine, na ni jema.

Msaada wa nyumbani hauna gharama. Mzazi akae chini, uso wake uwe sawa na uso wa mtoto. Ataje kile ambacho mtoto anakitazama, si kile anachotaka mtoto akitazame. Aseme kwa sentensi fupi anapofua, anapopika na anapomwogesha. Akiuliza, anyamaze na kuhesabu polepole hadi 10 moyoni, kwa maana jibu la mtoto huyu hutoka mbali. Mtoto akisema "gari", mzazi aongeze neno moja: "gari kubwa", "gari limepita". Asimlazimishe kwa kelele za "sema, sema!" wala asimcheke. Akionyesha kwa kidole au kwa mkono, apokewe kwa furaha, kwa sababu ishara haziui maneno bali huyafungulia njia. Kaka na dada waonywe wasimjibie kila kitu. Na nyimbo za bibi, za kupiga makofi na kurudia, zisiachwe zikapotea.

Pamoja na hayo, mtoto apelekwe kituo cha afya. Tangu mwaka 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 hutolewa bure katika vituo vya serikali nchini Burundi, na mzazi asione haya kutaja kusema kama anavyotaja homa. Wataalamu wa usemi ni wachache mno katika eneo letu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008 tu. Uchache huo ndio unaomfanya mzazi kuwa mwalimu wa kwanza. Na ikithibitika kwamba mtoto ni kiziwi, lugha ya alama ni lugha kamili. Apewe mapema, pamoja na wazazi wake.

Liko pia neno linalowahusu polisi kwa kazi yao. Mtoto asiyesema akipotea sokoni hawezi kutaja jina la baba wala mtaa wake. Akidhulumiwa hawezi kumtaja mwovu, na wako waovu wanaolijua hilo. Afisa anayempokea mtoto wa namna hiyo asimkemee kwa kuwa hajibu. Amtulize, amwonyeshe vitu na picha, aangalie ishara zake, na amtafute mtu anayemwelewa. Ukimya wa mtoto usichukuliwe kwamba hakuna lililotendeka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa kwa maneno machache kila siku, kwa subira, na kwa baba anayevua kofia yake ya kazi mlangoni, akakaa mkekani na mwanawe. Jeshini yeye hutoa amri na kutiiwa mara moja. Mkekani hana budi kungoja. Na neno litakapokuja, hata likiwa nusu neno, alipokee kama anavyopokea saluti: kwa heshima, na kwa kulirudisha.