Kusafisha Viti na Mazulia ya Motokaa kwa Vitu vya Nyumbani

Maneno yetu ya leo ni juu ya kusafisha viti vya motokaa na mazulia yake kwa vitu vipatikanavyo nyumbani. Labda mtu atauliza, "Mimi sina motokaa, yanihusu nini?" Yakuhusu, kwa kuwa hapa petu Kashozi motokaa moja hutumikia watu wengi. Asubuhi yachukua mikungu ya ndizi kwenda Bukoba. Jioni yarudi na samaki. Na usiku mtoto akishikwa na homa, motokaa ile ile ndiyo impelekayo hospitali. Tena kijana aijuaye kazi hii vema aweza kujipatia riziki, naye asiyeijua aweza kuharibu mali ya mtu, au hata kujidhuru nafsi yake.

Neno tunalotaka mlishike ni hili: doa hutolewa kwa kulijua. Kabla ya kushika sabuni, jiulizeni kwanza, "Doa hili ni la kitu gani?"

Tuanze na matope. Udongo wetu ni mwekundu, na mvua ni nyingi. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili hushinda miezi mingine. Tope bichi likisuguliwa huzama katika nyuzi. Basi liacheni likauke kabisa. Kisha toeni mazulia nje, yakung'uteni, yapigeni kwa fimbo, na kuyapiga brashi. Mara nyingi hapo kazi imekwisha, wala maji hayakutumika.

Maziwa, damu, yai na matapishi yataka maji baridi. Kumbukeni yai katika sufuria: likipata moto huganda. Vivyo hivyo maji ya moto huyagandisha madoa haya katika kitambaa. Ondoeni kwa kijiko kilicho juu, kisha gusagusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, mkianzia ukingoni kwenda katikati, ili doa lisitanuke. Ndipo mtie sabuni kidogo.

Mafuta yataka kitu kikavu. Nyunyizeni unga wa muhogo, uacheni saa moja au zaidi upate kuyanyonya, kisha upanguseni kwa brashi. Masalio huondolewa kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni.

Chai na kahawa hufaa siki: kikombe 1 cha siki kwa vikombe 2 vya maji. Lakini jaribuni kwanza mahali pasipoonekana, isije ikaipausha rangi. Na harufu ya samaki au ya matapishi, doa likiisha kusafishwa na kukauka, huondolewa kwa unga laini wa magadi, ule utiwao katika maandazi. Unyunyizeni, ulale usiku kucha, asubuhi mwupanguse. Viti vya ngozi msivitie siki wala magadi. Vyatosheka na kitambaa chenye maji kidogo na sabuni isiyo kali.

Wako watu wachanganyao siki na magadi, na wakiona povu hufurahi, wakidhani ni nguvu ya dawa. Povu lile ni hewa itokayo tu. Vitu hivi viwili huuana nguvu, na yanayosalia ni kama maji ya chumvi. Tumieni kimoja kimoja.

Utomvu wa ndizi ndio adui wetu mkubwa. Ungali mbichi hauonekani sana. Ukikauka huwa mweusi, na ni shida kupata dawa ya kuutoa. Hapo kinga ni bora kuliko tiba: tandikeni turubai au gunia kabla ya kupakia mikungu.

Sasa tusikilizane kwa makini, maana haya ni mambo ya uhai. La kwanza, msisafishe kiti kwa petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hulala chini ndani ya motokaa, na cheche moja yatosha kuuwasha. La pili, msichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, nayo ni hewa ile ile iliyotumiwa kuwaua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Katika motokaa iliyofungwa milango, hatari huzidi. La tatu, mikanda ya usalama isiguswe na klorini, kwa kuwa hudhoofisha nyuzi zake, na mkanda dhaifu hauwezi kumzuia mtu siku ya ajali. Maji ya vuguvugu na sabuni laini yaitosha.

Mwisho ni kukausha. Kiti kina sponji ndani, nayo hunywa maji mengi. Tena chini ya viti vya motokaa nyingi hupita nyaya za umeme. Kwa hiyo kamueni kitambaa vizuri, wala msimwage maji kwa ndoo. Kiti kikikaa na unyevu siku 2 tu, ukungu huweza kuota, nao humtesa mwenye pumu. Chagueni asubuhi yenye jua, acheni milango wazi, na mazulia yaanikeni kambani.

Nanyi wanafunzi, jaribuni jambo hili. Pakeni ute wa yai katika vitambaa viwili vikuukuu. Kimoja kifueni kwa maji ya moto sana, cha pili kwa maji baridi, kisha vilinganisheni. Mtakayoyaona yatakaa mioyoni mwenu kuliko maneno yetu.