Simu ipo mkononi, mashine haitaki

Mnunuzi katika duka la Walmart nchini Marekani anasogeza simu yake kwenye mashine ya malipo, na hakuna kinachotokea. Si hitilafu. Duka halipokei Apple Pay, huduma ya Apple ya kulipa kwa kadi iliyosajiliwa kwenye simu. Linataka atumie Walmart Pay, programu yake lenyewe. Wafanyabiashara hujitetea kwa makato ya kadi, na kweli makato hayo yanauma. Lakini hapa utetezi huo haushiki: Apple huitoza benki iliyotoa kadi, haimtozi mwenye duka, na kadi hiyohiyo ikichomekwa kwenye mashine hupokelewa bila kinyongo. Kinachogombewa, kwa tathmini yangu, ni taarifa za mteja. Simu huficha namba halisi ya kadi, hivyo duka linapata shida kuunganisha ununuzi wa leo na wa mwezi jana.

Mwaka 2014 kampuni za maduka ya dawa za CVS na Rite Aid nazo ziliifungia Apple Pay siku chache tu baada ya kuzinduliwa, zikisubiri CurrentC, mfumo wa muungano wa wauzaji wakubwa. CurrentC ilizimwa 2016 ikiwa bado kwenye majaribio. Rite Aid ilishalegeza msimamo 2015, CVS ikafuata 2018. Duka lina haki ya kukataa, sawa. Basi libandike tangazo mlangoni, mteja ajue kabla hajajaza kikapu.