UWANJA NI WA UMMA
Hotuba juu ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa



Nimetakiwa niseme juu ya viwanja vya umma katika miji ya watu wenye mila mbali mbali. Nimechagua Mbinga na Mbamba Bay, mkoani Ruvuma, kwa kuwa huko hukutana Wamatengo wa milimani, Wanyasa wa mwambaoni, Wangoni, na wafanya biashara wa kila upande.

Watu hao hawakungoja mhandisi awafundishe maana ya uwanja. Wamatengo walikuwa na sengu, mahali ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na kukata mashauri. Mwambaoni wanaume hucheza mganda, wamejipanga safu kama askari. Wanawake wana kioda yao. Na mganda ni jamaa wa beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani yetu, ikaenezwa bara na askari wa vita vya 1914–1918. Kwa hiyo, tukisema juu ya uwanja wa Mbamba Bay hatusemi mambo ya wageni.

Lakini sengu ilikuwa ya ukoo, na mji ni wa koo zote. Safu za mganda haziwezi kugeuka kichochoroni. Mama anayeuza dagaa ataka kivuli na maji karibu na diko. Mzee wa mkongojo ataka njia isiyo na ngazi. Na uwanja ukizungushiwa ua na kutozwa kiingilio, maskini amekwisha fukuzwa bila ya kuambiwa ondoka.

Hatari kubwa ni hii: katika ramani uwanja wa ngoma huonekana ardhi tupu, na ardhi tupu hukatwa vipande ikauzwa. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 imetaka wananchi washirikishwe. Lakini kushirikishwa si kuitwa kuipigia makofi ramani iliyokwisha chorwa. Mpima ardhi na atembee uwanjani pamoja na wacheza ngoma, wauza samaki, vijana na wazee, wamwonyeshe wanapokaa na wanapopita. Ndipo kalamu iguse karatasi. Kisha uwanja uandikwe kuwa mali ya umma, asije mtu akaumega.

Hapa Unguja, Forodhani ilipofunguliwa upya mwaka 2009, wauza vyakula vya jioni walipata nafasi yao. Insafu hiyo hiyo ndiyo tunayowatakia ndugu zetu wa Nyasa.