Chombo cha Masikini na Njia ya Kwenda Baharini

Maandishi ya mazungumzo na vijana, Kinoo, baada ya sala ya alasiri



Vijana wangu, nyinyi mlio hapa ukumbini, na wewe unayesoma haya kwenye simu ndani ya matatu ya kwenda tao, nawaomba subira kidogo. Nimeona sura zenu nilipotaja mada. Kuna mmoja hapo nyuma amemnong'oneza mwenzake: tumeitwa kwa mambo ya haki za Waislamu, huyu ametuletea habari za mahali pa kuegesha mashua? Kinoo hii iko kilomita 500 hivi kutoka baharini. Maji makubwa tunayoyajua hapa ni mvua ikinyesha pale chini ya daraja.

Haya. Tuanze na kitu mnachokijua.

Kila Ijumaa wengi wenu mnasoma Suratul-Kahf. Mnafika kwenye kisa cha Nabii Musa, alayhi salaam, na yule mja mwema tunayemwita Khidhr. Wanapanda chombo, na katikati ya safari Khidhr anakitoboa. Musa anashtuka, kama ambavyo wewe ungeshtuka. Baadaye anaelezwa sababu: chombo kile kilikuwa cha masikini wanaofanya kazi baharini, na mbele yao kulikuwa na mfalme anayechukua kila chombo kwa nguvu. Akakitia kasoro ili mfalme akione hakifai, akiache.

Tazama neno lililotumika. Wale watu wana chombo, wana mali, na bado wameitwa masikini. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu yote kuanzia Lamu hadi Vanga na kuendelea, waliitumia aya hii kusema kwamba masikini ana kitu lakini hakimtoshi, na fakiri ndiye aliye chini yake zaidi. Kwa hivyo mtu akikwambia, "Aah, huyo si ana boti yake, analia nini?" mwambie Qur'ani imeshalijibu hilo.

Sasa mfalme wa leo hahitaji kuchukua chombo. Anachohitaji ni ukuta.

Mjomba wangu ni mvuvi, pwani ya kusini. Ana dau dogo na mashine ya kubebwa begani. Tangu utotoni alikuwa akishuka baharini kwa njia moja, upana wake mkokoteni mmoja unapita na mtu kando. Siku moja akakuta mawe yamemwagwa. Wiki iliyofuata ukuta. Halafu geti, na mlinzi ambaye, masikini naye, ni kijana wa kijiji kile kile, ameajiriwa kumwambia mzee wake "hapa hupiti". Dau liko upande ule wa bahari, mjomba yuko upande huu. Njia iliyobaki ni kuzunguka, na kuzunguka huko kuna mashine begani, jerikeni la petroli mkononi, na akirudi kuna samaki ambao jua haliwasubiri.

Kwenu nyinyi boti ni kitu cha picha. Lakini chombo kidogo kinataka ardhi pengine kuliko gari. Bahari yetu inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Ukiacha chombo mahali pasipofaa, maji yakipwa kinalala ubavu juu ya jiwe. Kinataka mchanga mzuri na mahali pa kutia nanga. Kila baada ya muda kinataka kuvutwa juu kabisa, zaidi ya pale maji yanapofika, kikauke, kitiwe kalafati kwenye viungo vya mbao, kipakwe sifa, na chini kipigwe deheni. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa. Halafu nyavu zinaanikwa, zinashonwa. Kina mama wanaokaanga samaki wanataka mahali pa kuweka karai. Boda wa kubeba samaki kwenda sokoni naye anataka kusimamisha pikipiki yake. Na msimu wa kusi ukiingia, kuanzia Aprili hivi, bahari ya nje inachafuka na vyombo vidogo vinabanana ndani ya miamba. Hapo ndipo unajua kama kijiji kina bandari au kina kichochoro tu.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Umma ni mimi, wewe, na huyo mjomba. Hakuna hoteli wala jumba la mheshimiwa linalomiliki mchanga ule. Nataka mlijue hilo kwa moyo, kwa sababu mkienda pwani likizo mtafukuzwa na mtu mwenye kirungu, na mtadhani ana haki.

Lakini hapa ndipo pana mtego, na wengi wetu wanaharakati tunaupita haraka. Haki hiyo inaishia pale maji yanapoishia. Pale juu, chombo kinapovutwa, nyavu zinapoanikwa, mkokoteni unaposimama na njia inapopita, hapo mara nyingi pana hatimiliki ya mtu. Unaweza kuwa na bahari kikatiba na usiwe na njia ya kuifikia. Kanuni za upimaji zinasema ardhi ya serikali ya ufukweni ambayo bado haijagawiwa ikipimwa, kwa kawaida ukanda wa mita 60 juu ya maji kujaa uachwe. Kanuni nzuri. Ila kiasi kikubwa cha ufukwe wetu kilikuwa kimeshaandikwa kwa majina ya watu zamani sana.

Zamani lini? Mwaka wa 1908 Waingereza walitoa sheria ya kuandikisha ardhi ya ukanda wa pwani. Aliyekuwa na madai alitakiwa ayapeleke na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya taji la Uingereza. Sasa mvuvi, aliyezaliwa pale na baba yake akazikwa pale, angejuaje kwamba kuna afisi anatakiwa aende? Na tuseme ukweli, maana tukianza kuficha hapa hatuna haki ya kumsema mwingine: baadhi ya waliofaidika na sheria ile walikuwa Waislamu wenzetu, watu wa mjini wenye elimu na karatasi. Waliokosa, wengi wao, walikuwa Wamijikenda na Wabajuni wa vijijini. Baada ya uhuru kukaja ugawaji mwingine wa kisiasa, na ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 imeandika jinsi ardhi za umma nchi nzima zilivyogawanywa kama pipi. Isomeni. Ni ndefu na inaudhi, lakini isomeni.

Msidhani basi mambo yote ni giza. Lamu walikwenda mahakamani.

Machi 2012 Rais Kibaki alizindua mradi mkubwa wa LAPSSET, na bandari yake ikawa ya kujengwa upande wa Manda. Wavuvi waliokuwa wakivua na kupita maji yale kwa vyombo vidogo waliona bahari ikichimbwa. Mohamed Ali Baadi na wenzake wakafungua kesi mwaka huo huo. Hawakusema "hatutaki maendeleo". Walisema hatukuelezwa, hatukuulizwa, na riziki yetu inaharibiwa. Katikati ya safari hiyo, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, wavuvi wa Lamu wakakatazwa kuvua usiku kwa muda mrefu kwa sababu za usalama. Yaani mchana bahari inachimbwa, usiku imefungwa. Wengine wangekata tamaa.

Aprili 2018 Mahakama Kuu ikatoa hukumu. Ikasema haki zao zilivunjwa: haki ya mazingira safi, haki ya kupata habari, haki ya utamaduni wao wa uvuvi. Wavuvi 4,600 hivi wakaamuliwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kulipwa kwenyewe kulichukua miaka mingine, msije mkadhani hukumu ni M-Pesa inayoingia hapo hapo. Mwaka uliofuata, Juni 2019, mahakama ya mazingira ikafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotaka kujengwa Kwasasi, Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kesi zile zilisimama juu ya karatasi. Nani alihudhuria mkutano, tarehe gani, tangazo lilibandikwa wapi, barua gani iliandikwa na haikujibiwa. Wazee walikuwa na elimu ya bahari, na kukawa na watu wa kuandika. Hapo ndipo nawataka nyinyi wa Kinoo.

Kwa sababu nyinyi mnalijua jambo hili, ila kwa jina jingine. Barabara yetu ya kwenda Nakuru ilipopanuliwa, kuanzia makutano ya James Gichuru hadi Rironi, waliokuwa wakiuza kando ya barabara walipewa amri moja tu: ondokeni. Mwenye kibanda, mama mboga, fundi wa viatu, wa boda. Waende wapi, hilo halikuwa kwenye amri. Wa boda akisimama stejini anaambiwa anaziba barabara, akisimama mbali hapati abiria. Mvuvi asiye na pa kuweka chombo na wa boda asiye na steji wana ugonjwa mmoja. Na hawa wa boda si wote ni Waislamu, hapa kwetu wengi si Waislamu, na kesi yao ni yenu vile vile. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. 

Na kabla hatujanyoosha kidole: Ijumaa iliyopita nimehesabu magari matatu ya waumini yamefunga geti la jirani wa msikiti. Jirani mgonjwa wake angezidiwa saa saba mchana angepita wapi? Mtume amefundisha kwamba njia ina haki zake, na mojawapo ni kuzuia udhia. Sitaki kusikia mtu anaweka posti ya ukuta wa pwani hali gari lake liko mbele ya geti la mtu. Vijana wa kuelekeza magari waanze Ijumaa hii, wawili tu wanatosha.

Sasa kazi. Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia yeyote anaweza kuandika kwa afisi ya umma kuomba habari, na afisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hulazimiki kuwa wakili wala kueleza kwa nini unataka. Barua ya ukurasa mmoja: naomba ramani ya upimaji ya eneo fulani, naomba kujua kama njia hii imeandikwa kuwa ya umma, naomba nakala ya leseni ya mazingira ya jengo hili. Mkiona tangazo la tathmini ya mazingira gazetini, pelekeni maoni kabla siku hazijaisha. Na leseni ikitolewa nanyi mnaipinga, mna siku 60 za kwenda kwenye mahakama ya mazingira. Siku 60 zinapita haraka kuliko mnavyodhani. Ukuta wa mjomba wangu uligunduliwa na wanaharakati baada ya mwaka.

Wavuvi nao wana vikundi vyao vya kusimamia fukwe, BMU, vinavyotambuliwa kisheria. Ndivyo vinavyojua chombo gani kinawekwa wapi. Msiende na maneno yenu juu yao. Mvuvi anajua njia ilipita wapi kabla ya ukuta, anaweza kukuonyesha mnazi uliokuwa mpaka. Wewe unaweza kupiga picha ya setilaiti ya mwaka huu na ya miaka kumi nyuma, ukaziweka pamoja, ukaandika tarehe chini. Hiyo kazi inafanyika hapa hapa Kinoo, kwa bando ya shilingi hamsini, usiku baada ya isha.

Mjomba bado anazunguka. Ana miaka sitini na kitu, na mashine ile ina uzito. Barua ya kwanza tuliyoiandikia afisi ya ardhi imefikisha siku 16 leo. Anayejua kuandika Kiswahili kizuri cha kiserikali na anayejua kusoma ramani wabaki hapa baada ya maghrib. Dada wa mlangoni ana nakala, na anahitaji mtu wa kuzipiga skani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.